Mahindi na Mboga za Kuchoma: Makaa, Usafi na Daftari



Wakati wa mahindi mabichi na nyanya nyingi, vijiji vyetu huona jambo lile lile kila mwaka. Mazao yanakuwa tayari yote kwa pamoja, bei inaanguka, na mnunuzi anakuja na lori akitaja bei anayotaka yeye. Nyanya zisizonunuliwa zinaoza kwenye sanduku. Halafu, kando ya barabara hiyo hiyo, unamkuta mtu mmoja na jiko moja anauza hindi la kuchoma kwa bei mara mbili ya ile ambayo mkulima alilipwa. Ndipo kikundi kinapouliza: mbona na sisi tusichome?

Jibu letu ni hili: chomeni, lakini msianze kwa kununua makaa. Anzeni kwa kujua mambo manne, yaani moto mzuri, usafi, hesabu ya kweli, na kiasi cha mahindi ambacho lazima kibaki nyumbani. Kikundi kikiruka moja, kitachoka bure, ama kitauza chakula cha watoto wake wenyewe bila kujua.

1. UBICHI WA ZAO NDIO MWANZO

Kazi hii ni ya vitu vilivyotoka shambani leo. Hindi likishavunjwa tu, sukari yake huanza kugeuka kuwa wanga, na jua huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana hindi lililovunjwa asubuhi ni tamu, na lile lililolala siku mbili ndani ya gunia linatafunwa kama dawa.

Pima kwa ukucha kabla ya kuvunja. Punje ikitoa maji meupe mepesi, hindi bado ni changa na litasinyaa motoni. Ikitoa kitu kizito kama uji, hapo ndipo penyewe. Ukucha ukikataa kuingia, liache hindi hilo shambani likauke.

Vunjeni asubuhi na mapema, wekeni kivulini, na msiondoe maganda mpaka mko karibu na jiko. Nyanya, biringanya na hoho nazo zichumwe siku ile ile, zikiwa ngumu kidogo. Nyanya iliyolainika sana itapasuka na kuzima makaa.

Kuna faida ya afya pia. Mboga ikichemshwa na maji yakamwagwa, sehemu ya vitamini C huenda na maji hayo. Kuchoma hakumwagi maji, ingawa moto mwingi wa muda mrefu nao huharibu. Karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mwili hukipata vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo. Kijiko kimoja cha mafuta juu ya boga lililochomwa si anasa.

2. MAKAA, SI MIALI

Wengi hukosea hapa. Moto ukiwa bado una miali, watu wanatandaza mahindi. Nje linakuwa jeusi, ndani ni bichi, na juu yake kuna masizi. Mboga ni maji mengi sana: nyanya, kwa mfano, ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Maji hayo yanahitaji joto la polepole lipenye mpaka ndani. Miali haina subira hiyo, lakini makaa yanayo.

Fuateni hatua hizi:

(a) Washeni makaa kama nusu saa kabla ya wateja. Washeni kwa magunzi makavu au vijiti. Msitumie mafuta ya taa, maana harufu yake huingia kwenye chakula. Msiwashe kwa plastiki wala vipande vya mpira.

(b) Ngojeni mpaka makaa yafunikwe na jivu jeupe na moshi uishe.

(c) Sukumeni makaa mengi upande mmoja, na machache upande wa pili. Sasa mna moto mkali na moto mpole katika jiko moja.

(d) Pimeni kwa mkono. Weka kiganja shubiri moja juu ya makaa, kisha hesabu polepole. Ukiondoa mkono kwa mbili au tatu, moto ni mkali. Ukifika tano au sita, ni wa katikati. Ukifika nane au kumi, ni mpole.

Jiko la bati lenye kauri ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutumia makaa kidogo kuliko lile la bati tupu, kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee pembeni. Ni zuri kwa kuanzia, ila mdomo wake ni mdogo. Kikundi kinachochoma mahindi mengi kitahitaji karai pana au pipa lililokatwa kwa urefu. Angalieni sana pipa hilo lilibeba nini. Likiwa lilibeba dawa au kemikali, liacheni kabisa, hata mkipewa bure. Wavu nao uwe wa chuma cha kawaida. Wavu mpya uliopakwa zinki ukishika moto mkali hutoa mvuke mbaya kwa mapafu.

Kuhusu kuni: si lazima kila kitu kiwe makaa ya kununua. Pwani, vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri. Mahali pa kahawa, matawi yanayopogolewa yakikaushwa yanafaa. Magunzi huwaka haraka na kuisha haraka, kwa hivyo ni ya kuwashia tu. Msichome mbao zenye rangi au zilizotiwa dawa. Na msitumie mnyaa, ule mmea wa ua wenye utomvu mweupe, maana utomvu wake ni hatari kwa macho na moshi wake pia huwasha.

3. KILA ZAO NA MOTO WAKE

Mahindi: Moto wa katikati. Geuza kila mara, usiende kupiga hadithi. Punje zikianza kuwa za kahawia hapa na pale, limeiva. Ukipenda limbaki na maji, liache na ganda moja la ndani kwa dakika za kwanza, kisha limenye.

Viazi vitamu: Osha, usimenye. Weka upande wa moto mpole na ugeuze. Vidogo huiva pamoja, kwa hivyo chagua vyenye ukubwa mmoja. Kikibonyea kwa kidole, tayari.

Muhogo: Ule mtamu tu, uliomenywa ganda lote, la nje na la ndani. Kata vipande vya urefu wa kidole, choma upande wa katikati. Pwani wanajua sana jambo hili: muhogo wa kuchoma, pilipili na ndimu.

Nduma: Isichomwe mbichi. Nduma isiyoiva vizuri huwasha koo. Ichemshwe kwanza mpaka iive, halafu ikatwe vipande na kuchomwa kwa muda mfupi ipate rangi.

Ndizi za kupika: Zichome na ganda lake mpaka liwe jeusi, kisha menya. Ganda ndilo sufuria yake.

Boga: Kata vipande vyembamba kama kidole cha mkono, paka mafuta kidogo, moto wa katikati.

Biringanya na hoho: Biringanya lichome zima mpaka lilegee na ngozi ivimbe, kisha lipasue utoe nyama ya ndani. Hoho nazo zichome mpaka ngozi iwe nyeusi, zifunike kwenye sufuria kidogo, ngozi itatoka yenyewe.

Nyanya na vitunguu: Kitunguu kata katikati, nyanya weka nzima kwenye moto mkali kwa muda mfupi. Ponda pamoja na chumvi, pilipili na ndimu. Hii ni kachumbari ya moto, na tutaona hapa chini kwamba inaweza kubadilisha hesabu ya kikundi.

Sukuma wiki, kunde na majani mengine hayawezi wavu. Yakilazimika kuingia motoni, yafungwe ndani ya jani la mgomba yakiwa na nyanya na mafuta kidogo.

Mafuta pakeni juu ya mboga, wala msimimine juu ya makaa, maana yakidondoka miali itaruka. Brashi si lazima inunuliwe: maganda ya hindi yakifungwa pamoja na ncha kuchanwachanwa yanatosha, na jioni yanatupwa. Sehemu iliyoungua ikawa nyeusi tititi ikatwe, isiliwe.

4. MAMBO YA KUOGOPA

Ukungu. Hindi lenye ukungu wa kijani, wa manjano au mweusi kwenye ncha lisichomwe. Moto wa jiko hauondoi sumukuvu. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Ukambani na majirani zake, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yale yalikuwa makavu, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, lakini funzo ni lile lile: ukiona ukungu, usimpe mtu.

Muhogo mchungu. Una sumu, na kuchoma peke yake hakutoshi. Kama hamjui ni aina gani, msiuze.

Viazi vya kawaida vilivyogeuka kijani. Kijani hicho ni dalili ya sumu iliyoongezeka ndani. Vitupeni.

Dawa za kunyunyizia. Chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna. Nyanya iliyonyunyiziwa jana haiwi safi kwa sababu imepita kwenye moto. Mwanachama anayeleta mazao aseme mbele ya wengine alinyunyizia nini na lini, na katibu aandike.

Mikono, maji na ndimu. Wekeni ndoo yenye bomba, sabuni na maji ya kutosha kila siku. Anayeshika pesa asishike chakula. Na ile nusu ya ndimu inayochovywa kwenye pilipili na kupakwa kila hindi, ibadilishwe mara nyingi, tena isipakwe hindi ambalo mteja ameshauma. Mpeni mteja hindi juu ya ganda lake safi, si gazeti kuukuu lenye wino. Wakati wa kipindupindu, uuzaji wa chakula barabarani umewahi kupigwa marufuku zaidi ya mara moja katika nchi yetu. Usafi wenu ndio utetezi wenu.

Jiko ndani ya nyumba. Jioni kuna baridi, na makaa bado yana joto. Mtu anaona ni hasara kuyaacha nje. Ndugu, usiingize jiko hilo mahali watu wanalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imeua jamaa nzima zikiwa usingizini. Yazimeni kwa maji au mchanga, myakaushe, myatumie kesho.

Kibali. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka wa 2013, kibali cha biashara hutolewa na kaunti. Wanaoshika chakula nao wanatakiwa wapimwe na wawe na cheti cha afya. Ulizeni ofisi ya wodi na afisa wa afya ya umma kabla ya kuanza, si siku ambayo askari wamefika.

5. HESABU YA SIKU MOJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Wekeni za soko lenu.

Kikundi kinanunua mahindi 100 kutoka kwa wanachama wake, kila moja Sh 15. Hiyo ni Sh 1,500. Makaa ni Sh 200. Usafiri ni Sh 150. Chumvi, pilipili na ndimu Sh 100. Ushuru wa soko Sh 50. Jumla ya gharama ni Sh 2,000.

Wanauza mahindi 80 kwa Sh 30 kila moja, wanapata Sh 2,400. Jioni wanauza 12 kwa Sh 20, wanapata Sh 240. Manane yameungua au yamebaki. Mapato ni Sh 2,640.

Watu wanaona Sh 2,640 kwenye kopo na kusema, "Leo tumevuna!" Subirini. Toeni gharama ya Sh 2,000, zinabaki Sh 640. Wanachama wawili wamesimama kwenye moshi tangu asubuhi. Mkiwapa Sh 250 kila mmoja, hiyo ni Sh 500. Faida ya kikundi ni Sh 140.

Je, wasipolipwa? Faida itaonekana kubwa kwenye karatasi, lakini baada ya wiki tatu hakuna mtu atakayekuja kuchoma. Kazi ya mtu ni gharama, hata kama mtu huyo ni mama aliyezoea kufanya kazi bila kulipwa.

Sasa tuseme mvua ilinyesha saa tisa, na badala ya mahindi manane yakaharibika 25. Mahindi 17 zaidi hayakuuzwa kwa Sh 30, yaani Sh 510 hazikuingia. Ile faida ya Sh 140 imegeuka kuwa hasara ya Sh 370. Kwa hivyo msichome yote mara moja. Chomeni machache machache kadiri wateja wanavyokuja. Hindi lisilochomwa linaweza kurudi nyumbani likapikwa githeri.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana: mwanachama anapita anakula moja, mtoto wake anapewa moja, rafiki wa mwenyekiti anaonja moja. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mahindi matano tu ya Sh 30 ni Sh 150, yaani zaidi ya faida yote ya siku. Anayekula alipe, na iandikwe.

Hapa ndipo ile kachumbari ya moto inapoingia. Nyanya ambazo soko limekataa kwa sababu ni ndogo au zimepinda, lakini ni nzima na safi, zinachomwa kwenye makaa yale yale. Wateja 20 wakiongeza kijiko cha Sh 10, hiyo ni Sh 200. Hata mkimlipa mwenye nyanya na vitunguu Sh 80, zinabaki Sh 120, na faida ya siku imekaribia mara mbili bila kuongeza makaa.

6. NA UGALI WA NYUMBANI?

Hili ndilo jambo linalotusumbua zaidi. Nyanya ikiuzwa au isipouzwa, baada ya wiki moja haipo. Lakini hindi bichi lingeweza kukauka likawa unga. Tumeziona familia zilizouza karibu shamba zima likiwa bichi, zikanunua chumvi, sabuni na daftari za shule, halafu miezi michache baadaye zikasimama dukani kununua gorogoro kwa bei ya njaa. Wahenga walisema akiba haiozi.

Pimeni wenyewe. Chukueni mahindi makavu ya shamba lenu, pukuchueni moja moja, mhesabu mangapi yanajaza gorogoro moja. Tuseme ni 12. Mahindi 12 yakiuzwa mabichi kwa kikundi kwa Sh 15 ni Sh 180. Sehemu yake katika ile faida ya Sh 140 kwa mahindi 100 ni kama Sh 17. Jumla Sh 197. Kama gorogoro wakati wa njaa itauzwa Sh 200, basi mkulima hajapata kitu. Amebadilisha chakula na pesa, na pesa imekwisha.

Ni kweli, mahindi makavu nayo yana hasara yake: wadudu wa ghalani, panya, unyevu na ukungu. Yasipokaushwa vizuri ni heri yangechomwa. Lakini kila nyumba ikae chini, mume na mke pamoja, ihesabu midomo na miezi mpaka mavuno mengine. Mistari ya shamba itakayotosha unga iwekwe alama, isiguswe. Inayobaki ndiyo ya makaa.

Kwa hivyo ushauri wetu kwa vikundi ni huu. Chomeni kwanza vile visivyoweza kungoja: nyanya, biringanya, hoho, maboga yaliyopasuka, ndizi zinazoanguka na upepo. Mahindi yawe ya kuita wateja, tena kwa kipimo. Anzeni na siku moja ya soko kwa wiki, jiko moja, watu wawili na daftari moja. Baada ya masoko manne mtakuwa na hesabu yenu wenyewe, na hiyo ni bora kuliko mfano wetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mazao gani yanaoza kwetu kila msimu, na mwezi gani?

2. Nyumba ya watu sita hapa kwetu inahitaji gorogoro ngapi za mahindi kwa mwezi? Nani kati yetu anajua hesabu hiyo kwa nyumba yake?

3. Nani atashika pesa, nani atashika koleo, na nani atakagua daftari? Hawa wawe watu watatu tofauti.

4. Tutapata wapi kuni bila kukata mti ambao hatujapanda?

5. Siku tukipata hasara, tutagawanaje? Amueni sasa, kabla ya moto kuwashwa, wakati bado mnapendana.